Mshika Ngazi

4 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bado yupo na tumbo lake bado liko mbele yake. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nikisema redio, jirani yangu wa ukuta amehama na yake. Miaka yote nilikuwa nikimlaani kwa kelele, na sasa najikuta naimba mwenyewe zile nyimbo zake nikiosha vyombo. Paka wa mama yako amezeeka. Analala kwenye kiti chake, na mtu akitaka kukikalia anatazamwa kama mpangaji aliyechelewesha kodi. Kwa hiyo hatukikalii. Nasema "hatu" kana kwamba tuko wengi. Ni mimi na paka.

Umesema niandike barua kwa sababu kwenye simu huwa nasema "sisi wazima" halafu nakata. Ni kweli, sikatai. Simu inanifanya nipige kelele kama mnada, na nikishamaliza kupiga kelele sina la kusema.

Haya, vitu mnavyotengeneza huko kazini kwenu vimefika. Jumatatu meneja alitukusanya ghalani, akafungua sanduku taratibu kama zawadi ya harusi, akasema, "Haya ni mafunzo ya uhalisia pepe. Mtateleza humu ndani ya miwani ili msiteleze huku nje." Twiga, yule mpanga bidhaa ambaye hakuna mlango asiowahi kuugonga kwa paji la uso, akasema, "Bosi, mimi kuteleza naweza hata bila miwani." Basi wakanitanguliza mimi, kwa kuwa ndiye mzee wa ghala. Nikavaa, nikapewa vishikio viwili, kimoja kila mkono, na mara nikawa dukani, duka kweli, lenye rafu na mafuta yamemwagika sakafuni. Nikainua mguu kuyaruka, nikampiga meneja teke la ugoko. Nikataka kuegemea rafu nimwombe radhi. Rafu haikuwepo. Hivyo ajali ya kwanza ya mafunzo ya kuzuia ajali ni mjomba wako. Keshia wa kaunta ya tatu alicheka mpaka akakalia kreti, na Twiga akatangaza nipelekwe kwenye mizani ya magunia, nipimwe kabla ya kuruhusiwa kuanguka tena. Nikakataa. Ile mizani mimi siipandi, wote wanalijua hilo.

Uliniuliza ni ajali gani zimewahi kutupata, ili muzitengenezee masomo. Andika: Twiga alijikata kiganja kwa kisu cha kukatia katoni, kwa kukata kuelekea kwake. Mafuta ya kupikia yalimwagika, keshia akateleza, akavunjika kifundo. Toroli lilimgonga mteja kisigino. Rundo la sukari liliporomoka, hakuumia mtu ila heshima ya aliyelipanga, ambaye ni mimi.

Ni hizo tu.

Mjomba wako

---

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imechukua siku ishirini na mbili. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Kumbe umempiga meneja teke! Nimewasomea wenzangu kazini kipande hicho. Walicheka kwa adabu, kisha kila mmoja akarudi ndani ya miwani yake.

Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Mwenye nyumba hunisalimia kwa kunitikisia funguo. Ofisini tuko wanane ndani ya chumba kimoja, wote tumefunikwa macho, kila mtu anapunga mikono hewani kivyake. Mgeni akiingia anaweza kudhani tunafukuza nyuki. Duka ninalolijenga nakaa ndani yake saa saba kwa siku. Lina taa, rafu na bidhaa, watu ndio hamna. Wiki iliyopita nilijisikia nikisema "samahani, nipite" kati ya safu mbili, na hapakuwa na wa kumwomba samahani.

Sasa Mjomba. Kwenye orodha yako kuna kisu, mafuta, toroli na sukari. Ngazi haimo.

Somo la ngazi nimepewa mimi. Walikuwa wamempa mwenzangu, nikaliomba. Miaka minane iliyopita mama alianguka kwenye ghala hilo hilo unalofanyia kazi, na wewe ulikuwa naye. Aliondoka duniani miaka sita baadaye, nawe hujawahi kuniambia ilivyokuwa. Sitaki nijenge ngazi ya kubuni wakati yupo mtu aliyeiona ya kweli.

Niambie. Chukua muda wako, lakini niambie.

Mnene wangu, nakusalimu. Msalimie na paka.

Mpwa wako

---

29 Machi

Mpwa wangu Maswali,

Nani mnene? Mimi ni mtu aliyejaa. Wewe tangu ukiwa na miaka minne ulikuwa unamuuliza mama yako kwa nini mjomba anaingia mlangoni kwa awamu mbili. Nakuona hujabadilika.

Huku kwema. Keshia wa kaunta ya tatu amepata mjukuu, anatuonyesha picha hata katikati ya foleni. Bomba la jikoni kwangu linavuja, nimeliwekea sufuria, na sauti yake imekuwa kama mgeni anayegonga mlango bila kuchoka. Je, vibali vya safari huko kwenu siku hizi vinatoka upesi? Au bado vinachelewa kama wakati ule wa mazishi ya mama yako?

Kuhusu ngazi, nimechukua utepe wa kupimia nikakufanyia kazi kama fundi wa kweli. Safu ya nne ya ghala ina urefu wa hatua zangu kumi na nane, hatua za kawaida, si za kumkimbia meneja. Rafu ni saba kwenda juu. Ya saba, ambako sabuni ya unga huwekwa, ina urefu wa futi kumi na moja. Ngazi ni ya mbao, ya kuegemeza, si ya kujisimamia. Upana wa njia unatosha toroli moja na mtu mmoja aliyejaa.

Kazi ilikuwa hivi. Mmoja anapanda, mmoja anashika ngazi chini. Mama yako ndiye aliyeleta utaratibu ule, ndiye aliyeniingiza mimi kazini na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ghala. Kabla ya kunyoosha mkono kufikia katoni ya mbali, aliye juu anauliza, "Upo?" Aliye chini anajibu, "Nipo." Usipojibiwa, hunyooshi mkono. Mpaka leo tunafanya hivyo. Twiga hana haja ya ngazi, lakini hata yeye huuliza.

Kuhusu siku yenyewe, ripoti ipo kwenye faili la meneja: kiatu cha mpira cha mguu wa ngazi kilikuwa kimeisha, ngazi ikateleza. Mama yako alitia sahihi, na mimi nikatia yangu kama shahidi. Kavunjika nyonga. Mengine unayajua.

Mjomba wako

---

25 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Asante kwa vipimo. Hatua kumi na nane nimezipitia zote, na nikifumba macho nasikia harufu ya sabuni ya unga, ingawa miwani yetu haina harufu.

Nimeijenga. Safu ya nne, rafu saba, ngazi ya mbao, kiatu cha mpira kilichoisha. Programu yetu inafuata uzito na msuguano wa kweli, haimpendelei mtu. Nikampandisha mwanamke mwenye uzito wa mama, nikamweka mtu chini ameshika. Nikamwambia aliye juu anyooshe mkono.

Ngazi haikuanguka.

Nikaumaliza mpira kabisa, nikaacha mbao tupu juu ya saruji. Haikuanguka. Nikanyunyiza vumbi la sabuni sakafuni. Ilitikisika kidogo, ikakaa. Nimejaribu mara arobaini na moja, Mjomba. Kisha nikamtoa yule aliyeshika. Ikaanguka mara ile ile ya kwanza.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Hakuna wa kumwambia. Jumapili nilikwenda kukaa stesheni, si kwamba nasafiri, ila pale watu hugongana na kusema "samahani" kwa sauti. Nilirudi jioni nikakutana na lile duka langu tupu kwenye skrini na yule mwanamke amelala sakafuni, kwa sababu nilisahau kumwinua.

Nakuuliza mara moja, na kwa heshima zote. Ulikuwa wapi?

Mpwa wako

---

30 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Huku mvua imenyesha siku tisa, na goti langu linadai haki ya kulipwa kama mtabiri. Bomba nimelitengeneza. Ukimya wake ni mbaya kuliko sauti yake.

Meneja anakusifu bila kujua ni wewe anayekusifu. Tangu miwani ije, hakuna aliyeteleza. Juzi keshia alimzuia Twiga asipange katoni za chupa kupita usawa wa kifua, akamwambia, "Haya nimeyaona kwenye miwani, yaliniangukia kichwani, sirudii." Twiga akasema yeye kifua chake kipo juu kuliko kichwa cha wengine. Wakabishana, lakini akazishusha.

Barua yako nimeipata.

Paka hajambo.

Mjomba

---

11 Julai

Mpwa wangu,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichana. Ya kwanza ilikuwa na utani mwingi, ya pili ilikuwa na machozi mengi, ya tatu paka aliilalia, nami nikaona hata yeye hataki itoke.

Wewe mzima? Mimi mzima. Haya.

Sikuwa pale.

Nilishika ngazi alipopanda. Alishusha katoni mbili, nikazipokea. Kisha akaenda kwa ile ya tatu, ya mbali, naye alikuwa na kawaida ya kuzipangapanga zilizobaki kwanza ili safu ikae sawa, unajua alivyokuwa. Nikaona nina dakika. Nikaiachia ngazi, nikaenda mpaka mwisho wa safu, hatua zote kumi na nane. Kwa nini, usiniulize. Sababu yenyewe ni ndogo mno, haiwezi kuibeba nyonga ya mtu.

Akauliza, "Upo?"

Nami nikajibu, "Nipo."

Nilijibu kutoka kule kule. Niliitikia kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia jina lake akiwa usingizini. Kisha nikasikia ngazi ikikwaruza saruji, na sitakuandikia sauti iliyofuata.

Meneja wa wakati ule alikuja, akageuza ngazi, akaona mpira umeisha, akafurahi kupata la kuandika. Akamsomea mama yako akiwa kitandani. Mama yako akanitazama, akasema, "Ndiyo, ni mpira." Akatia sahihi. Nikachukua kalamu ikiwa bado na joto la mkono wake.

Baada ya hapo nikahamia kwake. Miaka sita, kila asubuhi, nilimshika mkono kushuka vile vidato vitatu vya mlangoni. Hakuna siku nilimwachia. Watu walisema, "Tazama ndugu yule anavyompenda dada yake." Nilikuwa nampenda, ni kweli. Lakini kila kidato nilikuwa najibu swali lile, na kila kidato nilikuwa nimechelewa. Alipokuja kuondoka duniani kwa ugonjwa wa mapafu, nilikuwa nimeshika mkono ule ule, na hata hapo sikumwambia.

Nimekuambia wewe. Wewe ndiye mtu niliyebaki naye, na ndiyo maana nilikuwa nakuficha. Ukinyamaza nitaelewa. Ila naomba usininyamazie muda mrefu sana, maana hapa kwangu kimya tayari kipo cha kutosha.

Mjomba wako

---

2 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu. Nimemuuliza yule karani wa posta wa dirisha la pili kama barua hupotea. Akasema hupotea. Nikamuuliza kama zako zimepotea. Akasema hawezi kujua kilichopotea. Ni kijana mwenye akili, sikumpenda.

Keshia ameniuliza kwa nini siku hizi napanga sukari bila kusema neno. Nimemwambia nazihesabu.

Kiti cha mama yako nimekihamishia karibu na dirisha, paka apate jua.

Sina la zaidi.

Mjomba

---

9 Oktoba

Mpwa wangu,

Barua haijaja, lakini limekuja sanduku. Meneja alisema, "Somo jipya, la ngazi. Safari hii kuna kupanda na kuna kushika." Nilikuwa karibu niende chooni nijifungie. Akaniita mimi kwanza. Mzee wa ghala, tena.

Nikavaa. Nikajikuta kwenye safu ya nne. Mpwa wangu, umeweka hata ule ufa wa saruji wenye umbo la kijiko, ambao sikukuandikia. Nadhani uliukanyaga ukiwa mtoto, siku ulizokuwa unamsubiri mama yako atoke kazini. Ngazi ilikuwa imeegemezwa. Nikashika. Vishikio vikatetemeka kidogo mikononi, kama mbao inavyotetemeka mtu akipanda. Sikuinua macho. Niliogopa ni nani nitamwona.

Kisha kutoka juu sauti ikauliza, "Upo?"

Ilikuwa sauti yako.

Nikajibu. Nilijibu kwa kelele kama niko kwenye simu, Twiga akasema huko nje, "Mzee, tunakusikia mpaka sokoni." Somo likaendelea. Mteja akaniita upande wa kulia, sikwenda. Katoni ikaanguka safu ya tatu, sikwenda. Halafu, mwisho wa safu, taa ikawaka, na chini ya taa ile pakawa na mizani ya magunia, mpya, imeng'arishwa, mshale wake kwenye sifuri, inaningoja.

Sikwenda. Miguu ilitaka, sikwenda. Maandishi yakatokea kwamba nimefaulu. Keshia akanigusa bega, "Mzee, achia sasa, imekwisha." Sikuachia mara moja. Nilisimama katikati ya ghala nimeshika hewa, na aliye juu hakuniuliza tena.

Wenzangu walifanya baada yangu. Twiga aliiacha ngazi akaenda kujipima, ngazi ikaondoka, na mwanamke akaanguka. Akavua miwani, uso umemtoka jasho, hakutania mpaka kazi ilipoisha. Jana mteja alimwita kweli kweli, naye ameshika ngazi kweli kweli, akasema, "Mama, nisubiri ashuke huyu." Nilisikia kwa masikio yangu.

Sasa nakuuliza mimi, Maswali. Habari za mizani sikukuandikia. Sikumwandikia wala kumwambia mtu yeyote chini ya jua. Ndiyo ile sababu ndogo. Wewe umeijuaje?

Mjomba wako

---

1 Novemba

Shikamoo Mjomba wangu,

Nisamehe kimya. Hakuna barua yangu iliyopotea, yule wa posta hana kosa. Sikuandika.

Jibu la swali lako ni hili: mama aliniambia. Jumapili moja kwa simu, mwaka mmoja baada ya kuanguka, wewe ulikuwa umekwenda kumchukulia dawa. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyasikiliza kichwani mara nyingi.

"Nilimuuliza yupo, akaniitikia yupo, lakini sauti ikatoka mbali. Nikageuka kutazama. Kule juu unaliona ghala zima, mwanangu. Nikamwona mjomba wako kasimama juu ya mizani mpya, kavua viatu kavipanga vizuri pembeni, kazuia pumzi, tumbo kalivuta ndani kama bibi harusi anayepimwa gauni. Nikacheka. Nilicheka kwa mwili mzima, na ngazi haitaki mwili mzima."

Na akacheka tena, hapo kwenye simu, mpaka nyonga ikamuuma. Kisha akasema, "Usimwambie. Akijua nilimwona ataona haya mpaka kaburini." Ndiyo maana alisema ni mpira. Alikuwa anakufichia wewe, na wewe unamfichia yeye, mkishuka vidato vitatu kila asubuhi.

Kwa hiyo nilipokuuliza, nilikuwa najua. Nilitaka uniambie mwenyewe, ili nipate wa kucheka naye mambo yale. Mama aliniachia kicheko kile peke yangu, na huku sina mtu wa kumwelezea wewe ulivyo ukizuia pumzi. Barua yako ikafika, imejaa nyonga na kalamu na machozi, na mizani haimo. Nilikasirika. Kisha nikaona sina haki ya kukasirika, na hapo ndipo nikanyamaza.

Vibali vya mazishi havikuchelewa, Mjomba. Vilitoka Jumatano, mama alizikwa Ijumaa. Nilikwenda mpaka uwanjani, mfuko wangu begani. Nikakaa kwenye viti vile mpaka ndege ikaondoka.

Alikuwa akinipigia kila Jumapili, akisikia nimenyamaza anauliza, "Upo?" Nami najibu, "Nipo," vidole viko kwenye kibodi, macho kwenye kazi. Miaka sita. Yeye alijua sauti inayotoka mbali ilivyo, Mjomba. Hakuwahi kunigeukia aone nimesimama juu ya nini. Niliogopa kuingia nyumba ile na kukuta hakuna anayeuliza.

Sauti ya aliye juu walitaka iwe ya mtu wa kazi hiyo, mwenye sauti nzuri. Nikasema hapana, nitaisema mimi. Maduka mengi sasa yanaitumia. Kila siku mahali fulani namuuliza mtu nisiyemjua kama yupo, na ananijibu. Lakini ni wewe niliyekuwa namuuliza.

Mpwa wako

---

28 Novemba

Mpwa wangu Maswali,

Wewe mzima? Mimi sijui kama ni mzima, lakini nimekula vizuri.

Barua yako niliisoma kwenye kiti cha mama yako. Ndiyo, nimekikalia. Paka alinitazama kama nimevunja sheria, akafikiri, kisha akapanda mapajani. Nimekaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi yote miwili, kwa kuwa yeye amelala.

Viatu nilivipanga vizuri pembeni, hilo ni kweli. Nilikuwa nimelisahau. Yeye alilikumbuka.

Habari za uwanjani sitazisema kwa barua. Nitakuambia tu kwamba siku ile ya Ijumaa niliweka kiti kimoja kitupu kando yangu, na watu waliponiuliza ni cha nani, nikasema kina mwenyewe, yuko njiani. Hakuna aliyekikalia.

Sasa sikia la leo. Wakati wa chakula cha mchana nilimwambia Twiga, "Njoo, mizani." Akaacha kijiko. Keshia akaja, akamwita na mwenzake wa kaunta ya kwanza, meneja akatoa kichwa mlangoni. Ngazi tuliilaza chini kwanza, hakuna aliye juu, nilihakikisha mara mbili. Nikavua viatu, nikavipanga. Nikapanda. Twiga akainama asome, na kwake kuinama ni safari. Akasema, "Mzee, zuia pumzi kama unataka tukuonee huruma."

Nikaitazama rafu ya saba, pale sabuni ilipo. Nikamwona jinsi alivyoniona.

Basi nikacheka, Maswali. Kicheko cha miaka minane, cha mwili mzima, tumbo lote likashiriki. Keshia akadhani nimeugua, kisha akaanza naye bila kujua tunacheka nini. Mshale ukawa unaruka sabini, mia, themanini, Twiga anaufuata kwa kidole, analalamika, "Tulia basi, Mzee, nisome!" Sikuweza kutulia.

Uzito wangu kwa hiyo bado haujulikani. Njoo unisomee.

Mjomba wako